Siku Kumi na Moja za Kumrudisha Shauri

Omera,

Hukujua kusoma ulipokuwa hai, na sasa umekufa, kwa hiyo barua hii ina kasoro mbili kabla hata sijaianza. Naiandika vivyo hivyo. Naiandika kwa Kiswahili chetu cha barabarani, maana Kijaluo ulijua neno moja tu, hili la Omera, ndugu yangu, na Kikipsigis changu kilikuchekesha mpaka ukashika gurudumu la gari letu la maksai usianguke. Jina lako sitaliandika. Kwenu jina la aliyekufa halitajwi ovyo, na mimi siku hizi nina watu kwenu ambao sitaki kuwaudhi.

Naandika kidogo kidogo. Mistari michache asubuhi, kisha nalala chali natazama nyasi za paa, kisha mistari mingine ikiwa mkono umekubali. Anyango, mke wangu, amezoea. Akinikuta nimesinzia na kalamu kifuani anaiondoa, anafunika chupa ya wino, anakwenda zake kuchuma chai. Leo ni siku ya nne na bado niko kwenye salamu.

Najua unachotaka kusikia kwanza. Shauri yuko wapi? Ngoja. Wewe ndiye ulinifundisha kungoja, basi ngoja.

Unaikumbuka mvua ile. Tulikuwa tumepakia posho stesheni ya Lumbwa, magunia ya watu wa mashamba ya chai, na njia ikageuka uji. Gari likazama, tukakaa siku tatu chini yake, wewe na mimi na blanketi moja, na maksai kumi na sita wamesimama mvuani wakitutazama. Homa ilitushika asubuhi moja, sote wawili. Yako ikashuka kifuani. Siku ya tatu uliniambia maneno machache tu: "Shauri arudi kwa mama. Asiuzwe." Nikakujibu kwamba nitampeleka mwezi ukiandama. Nilisema kwa wepesi, utadhani nimetumwa maji mtoni. Ukafumba macho, ukaniacha.

Shauri alikuwa wako, si wa mwenye magari. Ulimtoa boma la mama yako, kule ng'ambo ya Bomet upande wa Mulot, angali ndama, ukamfunza mwenyewe, ukamweka mbele ya wenzake wote kwenye nira. Mweupe, pembe moja imeinama. Tulimwita Bwana Shauri kwa sababu akifika penye matope hakuingia mpaka amesimama akafikiri, kama bwana mkubwa wa bomani anaposikiliza kesi. Mimi nilitangulia na kamba yake, wewe ulitembea kando na kiboko ambacho sikukuona ukimpiga nacho ng'ombe hata siku moja. Ulikipasua hewani tu, watu wajue tunakuja.

Na ulikuwa na ile sheria yako waliyokucheka nayo. Jua likifika pale, usawa wa sikio ukinyoosha mkono, adhuhuri haijafika, nira zinafunguliwa. Hata njia iwe kavu. Hata ng'ombe wawe wanavuta kwa raha. "Mfungue ng'ombe angali na nguvu," ndivyo ulivyosema, na hukutaka ubishi. Magari mengine yalitupita, wenyewe wakitupigia mluzi. Kesho yake tuliwakuta kwenye kilima, ng'ombe wao wamelala kwenye minyororo, wao sauti zimekauka kwa kukemea. Tulipita kimya. Haya, mimi nilipita kimya. Wewe uliwauliza kama wamekwisha pika.

Sasa sikiliza habari zangu, na usinionee huruma mapema.

Homa ilitoka. Nguvu haikurudi. Nilingoja wiki, nikangoja mwezi, nikasema mvua ikiisha, mvua ikaisha. Nilikuwa naamka nanawa uso, na kule kunawa tu kunanitaka niketi. Nikiketi masikio yanavuma. Nikisimama miguu inakuwa ya mtu mwingine, mtu aliyetembea toka Londiani usiku kucha akanikabidhi miguu yake asubuhi. Uchovu wa kazi unaujua, Omera. Ule ukilala unaondoka. Huu unalala nao, unaamka nao, na wenyewe umelala vizuri kuliko wewe.

Mganga wa zahanati ya shamba alinipima, akasema homa hamna, mimi mzima, nirudi kazini. Nyapara akasema ni uvivu. Ndugu yangu alituma maneno kutoka kwetu ziwani kwamba nimerogwa, niende nyumbani nikatibiwe. Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza unafananaje. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilijiita mvivu. Nilijitukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, na kwa Kikipsigis kile kidogo ulichonifundisha, ambacho chote kilikuwa matusi.

Kisha lori likaja. Lori moja, likawa mawili, na magari ya ng'ombe yakaachwa uani yanaota majani. Maksai wakauzwa. Shauri hakuuzwa, mwenye magari alijua ni wako. Nikabaki nyumba ya mwisho ya kambi, hapa Kericho, na ng'ombe mzee wa mtu, ahadi, na miguu isiyofika kisimani. Unaona mambo hayo? Kila asubuhi Shauri alisimama mlangoni akinitazama kwa jicho lile la hukumu, nami nikageukia ukutani.

Nilijaribu. Nataka ujue nilijaribu. Mara ya kwanza niliondoka alfajiri mwendo wa kijeshi, nimejaa hasira, nikasema nitamaliza kwa siku tatu kama mwanamume yeyote. Nilifika mto wa Itare. Pale mteremkoni magoti yalikunjika nikaketi njiani, na wapita njia wakanirudisha nimeegemezwa mabegani mwao, Shauri akifuata nyuma. Nililala kitandani siku kumi na nne. Sikuweza kushika kijiko.

Mara ya pili ndiyo nisiyotaka kuiandika. Nimeiruka mara mbili katika barua hii na leo naiandika. Nilikuwa nimepata siku nzuri. Zinakuja hizo, Omera, zinakuja kukudanganya. Unaamka mwepesi, unasikia ndege, unasema, yamekwisha. Nikamfungua Shauri tukatoka. Jua lilipofika usawa wa sikio akasimama. Hakuna nira, hakuna gari, hakuna wewe, na yeye akasimama saa yake ile ile uliyomfunza, akaanza kula majani kando ya njia. Nami nilijisikia na nguvu, nikaona nisipoitumia yote leo sitaipata tena. Nikachukua kiboko chako. Sikukipasua hewani. Nilimpiga, Omera. Nilimpiga mgongoni mara tatu, nne, akanitazama, akatembea. Nilimtembeza mpaka jioni, na kesho yake tukaanza tena, na mchana karibu na Litein dunia ikapauka nikaanguka kifudifudi.

Watu wenu walinihifadhi. Mama mmoja alininywesha maziwa ya kibuyu majuma matatu bila kuniuliza mimi ni wa nani. Nilipoweza kusimama nilirudi Kericho, si Bomet, kwa aibu, nikikokota miguu na Shauri ana alama mgongoni. Nilikitia kiboko motoni mwenyewe. Najua kilikuwa chako. Unisamehe kwa kukichoma, na kwa lile jingine zaidi.

Baada ya hapo nikakata tamaa. Hilo ndilo neno lake, sina jingine. Mwaka wa pili ukaingia tangu tukuzike. Shauri anazeeka, meno yanalegea, na mimi nikilala nahesabu ni kipi kitatangulia, afe yeye au nipone mimi. Kisha akapita mtu wa upande wa Mulot anauza mbuzi, akanitafuta kambini. Alikuwa ametumwa na mama yako. Nilidhani anadai ng'ombe wake. Hakuulizia ng'ombe. Aliuliza tu kama yule Mjaluo aliyekuwa na mwanawe bado yu hai.

Nililia. Anyango alikuwa ameketi anapepeta mahindi, na aliniacha nilie mpaka nikachoka, na mimi kuchoka si kazi. Halafu akasema neno ambalo hata sasa likinijia naacha ninachofanya. Alisema, "Ng'ombe wote wale ulikuwa unawafungua wangali na nguvu. Mbona wewe mwenyewe unajifungua ukishaanguka?"

Aliendelea kupepeta.

Fikiri, Omera. Miaka sita nilitembea mbele ya ng'ombe wako. Niliitunza sheria ile kuliko amri za kanisani, nilibishana na watu kwa ajili yake, na haikunijia hata siku moja kwamba mimi pia nina shingo. Mwenye kuongoza ng'ombe ndiye wa mwisho kujiona kama kiumbe. Nadhani nawe ulikuwa hivyo. Ulikohoa wiki nzima kabla ya mvua ile na ukasema ni vumbi.

Basi nikaanza kujifunza upya, na shule yenyewe ilikuwa kikapu. Nilikuwa nimeanza kusuka vikapu vya kuchumia chai, kazi ya kuketi. Nikagundua naweza kuzungusha mara sita kabla masikio hayajavuma. Zamani ningezungusha saba, nane, ya tisa kwa ubishi, kisha siku tatu chali. Nikazungusha nne, nikaweka chini. Mikono inataka kuendelea, kikapu kinaniita, jirani ananitazama. Naweka chini. Ee, usifikiri ni jambo rahisi. Kuacha kazi ukiwa umechoka, mtoto anaweza. Kuacha ukiwa hujachoka kunataka moyo mgumu. Watu wenye nguvu husema polepole ndio mwendo, kisha wanakupita mbio.

Na nilimlilia yule mtu. Yule aliyekuwa anarukia gari likienda, aliyebeba gunia la posho begani akiimba, aliyecheza ngoma akaenda kazini. Kwa muda mrefu nilikuwa namngoja arudi. Siku moja, nimelala pale, ukungu umeshuka juu ya chai mpaka mlangoni, nikaelewa kwamba harudi. Tulikufa wawili chini ya gari lile, ila mmoja ndiye aliyezikwa. Aliyebaki ni mimi huyu wa mizunguko minne, na mizunguko minne nayo, ukiipanga siku baada ya siku, inatoa kikapu. Sikufurahi. Nilitulia tu.

Mvua ilipoisha nikamfungua Shauri mara ya tatu. Sikuchukua hata fimbo. Nilimwambia, wewe ndiye bwana mkubwa, kata shauri. Umande ukikauka tulitembea, na jua lilipofika pale pake akasimama, nami nikasimama. Tukaketi. Siku ya kwanza kambi yetu bado ilionekana nyuma, na Anyango angeweza kuniletea chakula cha mchana. Wachuma chai walinicheka toka ng'ambo ya bonde. Mmoja aliuliza kama ng'ombe ananichunga au namchunga. Nikamwambia ananichunga, na ni kweli.

Sijui nikueleze vipi siku zile. Mchana nilijilaza nimeegemea ubavu wake, joto lake mgongoni mwangu, pumzi yake inaniinua na kunishusha. Sikulala wala sikuwa macho. Mawingu yalipita chini, kati ya miti ya chai, yakaingia msituni yakatoka. Nilisikia minyororo. Nilikusikia ukizungumza na ng'ombe wa nyuma yule mvivu, ukimwahidi mke. Nikifumbua macho ni jani tu, na Shauri anacheua. Nikifumba, gari linakuja tena, na wewe uko upande wa kushoto, huna kikohozi. Sikuogopa. Zamani nilipokuwa nakwenda haraka hukunijia hata mara moja.

Siku ya tano sikuinuka kabisa. Nililala kwenye nyasi karibu na Litein mpaka jua likatua, yule mama wa kibuyu akanitambua, akacheka, akaleta maziwa. Sikuihesabu kuwa siku iliyopotea. Watoto waliokuwa wakichunga waliniuliza tunakwenda wapi. Nikawaambia tunakokwenda, na huyu ni ng'ombe wa nani. Walikimbia kusimulia.

Siku ya nane tulivuka Kipsonoi, maji ya magoti, na nilipopanda ng'ambo niliviona vilima vya Bomet, buluu, karibu sana. Na siku hiyo nilikuwa mwepesi, Omera. Ilikuwa moja ya zile za kudanganya. Nikapiga hesabu kwamba nikikaza nafika kesho. Shauri alikuwa amekwisha simama. Niliokota kijiti. Nilikishika muda wa kutosha kujichukia, nikakiweka chini taratibu, nikaketi, na mwili wote ukinisuta kwa nguvu zilizobaki. Nilikaa na nguvu zile bila kuzitumia mpaka zikalala zenyewe. Kesho yake asubuhi nilikuwa bado nazo, kidogo. Hapo ndipo nilipoiamini sheria yako. Nilikuwa nimeitii miaka yote bila kuiamini.

Tulifika siku ya kumi na moja, kabla jua halijafika usawa wa sikio. Shauri alijua njia. Alinitangulia, akaingia langoni kwa mama yako bila kusimama kufikiri, mara ya kwanza maishani mwake. Mama yako alikuwa amesimama pale. Mdogo, Omera, hukuniambia ni mdogo hivyo. Alimshika Shauri pembe ile iliyoinama, akaweka paji la uso wake kwenye paji la ng'ombe, wakakaa hivyo. Mimi niliketi chini, maana saa yangu ilikuwa imefika.

Nilianza kuomba radhi. Nilikuwa nimeipanga toka Litein, kwa Kikipsigis. Nikasema nimechelewa miaka miwili. Nikasema hata njia hii ya siku tatu nimeitembea siku kumi na moja, kwa sababu ni mgonjwa na sitapona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka hilo kwa lugha yoyote.

Mama yako aliketi kando yangu, chini, pale pale. Aliongea polepole, kwa maneno ya kumsemesha mtoto, nikaelewa yote. Alisema ameanza kutusikia siku ya tatu. Wanawake waliotoka gulioni walisema Mjaluo na maksai mweupe wamelala Itare. Siku mbili baadaye wachungaji wakapokezana, kilima kwa kilima, wako Litein, hawajaondoka. Wamevuka Kipsonoi. Wako Bomet wanapumzika. Kila jioni mtu alipita akamwambia tulipofika, na kila asubuhi alitenga maziwa.

"Mwanangu alitoka hapa asubuhi moja, nikaletewa kifo chake kwa neno moja," alisema. "Sasa amekuwa njiani anarudi siku tisa nzima. Ungekuja haraka, ningempata siku ngapi?"

Nilikunywa maziwa aliyonipa, yeye akinishikia kibuyu.

Nilikaa kwake mwezi mmoja. Shauri hafanyi kazi, anakula, anatoa hukumu kwa ndama. Alama za mgongoni mama yako aliziona akazipitisha kidole, nikamweleza ukweli, akasema ng'ombe huyo alipigwa na homa. Nilirudi Kericho vile nilivyokwenda. Anyango alikuja kunipokea nusu ya njia, akanikuta nimelala chini ya mti mchana kweupe, akalala na yeye.

Mkono unaanza kunikataa, kwa hiyo nitaacha hapa, ingawa bado nina maneno. Nakuaga, Omera. Pumzika huko bila mtu wa kukukemea. Hapa barabara ya kwenda kwenu imepanuliwa, na dereva wa lori ananiambia atanipakia bure wakati wowote, nitafika kwa mama yako kabla ya chai ya saa kumi. Namshukuru kila mara. Lakini nakuahidi hivi: kila mwaka mvua ikiisha nitakwenda kwake, nitakwenda kwa miguu, na nitatembea asubuhi tu, wachungaji wanione, wapokezane habari. Awe na mtu wa kumngoja.

Ni mimi,
Okelo